Ubuyu Niliowanyang'anya Watoto

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Msamala, na leo naona aibu kwenda hata gengeni. Jana asubuhi niliwanyang'anya watoto ubuyu kabla hawajaufungua, ule mwekundu unaopaka rangi mdomo mzima. Nikauonja ofisini kuhakikisha ni mbaya. Nilihakikisha pakiti tatu.

Kwenye kikao cha wazazi nikafoka: wapeni watoto matunda na karanga, acheni kuwazoesha masukari! Nikawapanga watoto mbele, wakatoa ndimi. Zote safi. Wazazi wakaanza kucheka. Nikajua somo limewaingia, nikatabasamu mpaka magego yakaonekana.

Bibi wa mtoto mmoja akainuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Za watoto tumeziona. Sasa hebu na wewe toa wako."