Sare ya Harusi na Tumbo Langu

Wifi yangu alifungua mfuko sebuleni kwa mama mkwe, pale Kibimba, akatoa kitenge cha sare. Alikuwa amekinunua Rusumo, na wanawake wote wakakipokea kwa vigelegele. Mimi nilikitazama tu. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, kimejaa maduara makubwa kama sahani. Ukikishona bila kufikiri, duara moja linakaa katikati ya tumbo na kila jicho linakwenda hapo hapo.

Mshono ulikuwa umeshaamuliwa: gauni la kubana, na mkanda wa kung'aa kiunoni. Shemeji yangu mdogo alikuwa anaoa, na dada yake huyo ndiye aliyeshika mambo yote.

"Wifi, huo mshono hautanikaa," nilimwambia. "Naomba kitenge kiwe hicho hicho, ila nishone mtindo wangu."

Alinitazama tumboni kabla ya kunitazama usoni. "Sare ni sare. Tafuta ule mkanda wa kubana tumbo, wenzio wanavaa. Na chakula cha usiku upunguze."

Wanawake wakacheka. Mume wangu alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno, kisha akatoka nje kukagua pikipiki ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Tumbo hili si la chakula. Mwaka uliotangulia nilipasuliwa, na mtoto wetu wa tatu akatolewa akiwa ameshafariki. Tulimzika nyuma ya nyumba ya mama mkwe. Wifi alikuwepo, alisimama bega kwa bega nami. Mtoto akaenda, tumbo likabaki, limelalia kovu. Tangu hapo kila nikienda gulioni kuna mtu wa kunipongeza. Wauza mitumba huniita mama kijacho na kunitupia madera begani. Dera linaficha tumbo, kweli, lakini linanificha na mimi mzima. Blauzi za kubana nazo hupanda na kujikunja. Nimejifunza mwenyewe mbele ya kioo cha kabati: kitambaa kiwe kizito kidogo, kisinate mwilini; gauni lianguke moja kwa moja kutoka begani; shingo iwe wazi kidogo ili macho yabaki juu. Sikutaka urembo wa ajabu. Nilitaka kupita sokoni bila kupewa hongera ya mtoto niliyemzika.

Hata hivyo nilinunua mkanda ule. Nilitaka amani. Nikaufunga chumbani, ukakandamiza kovu mpaka nikaona giza, nikakaa kitandani huku machozi yananitoka kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Nilipoufungua nilikwenda nao moja kwa moja chooni, nikautumbukiza shimoni.

Siku iliyofuata nikapeleka kitenge kwa fundi.

"Mama, wifi yako ameagiza wote mshono mmoja," akasema.

"Tumbo nalo ni la wifi?"

Nilitandaza mwenyewe kitambaa mezani kwake, nikamwonyesha: maduara yaende mabegani na chini kwenye pindo, tumboni ikae ile nafasi tupu iliyo kati ya duara na duara, na mkanda wa kung'aa usiwepo. Alilalamika kwamba kipande kikubwa kitaharibika.

"Kiharibike," nikamwambia.

Siku ya harusi gauni lilinikaa vizuri. Nilitembea nimenyoosha mgongo, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Nje ya kanisa nilikuwa namwamkia shangazi wa mume wangu, ameitikia marahaba na bado kanishika mkono, wifi akaja.

"Umetuharibia sare," akasema. "Kwenye picha simama nyuma." Kisha akapaza sauti kidogo ili wenzake wasikie. "Au kuna mimba unatuficha?"

Nilihisi masikio yanawaka. Lakini sauti ilitoka imetulia, mpaka mimi mwenyewe nikashangaa.

"Wifi, mimba yangu ya mwisho unaijua. Tulipomfukia yule mtoto ulikuwa umesimama karibu yangu kama hivi. Sasa waambie hawa wote, hiyo nyingine umeiona wapi?"

Wifi akageuka, akaanza kurekebisha mkanda wake wa kung'aa. Mpiga picha alituita, nami nikaenda kusimama mstari wa mbele, karibu na bibi harusi. Hakuna aliyenigusa wala kunisogeza.

Wakati wa kurudi nyumbani mume wangu alisema, "Ungesubiri ukamwambia faraghani. Yule ni dada yangu."

"Wewe ungemwambia siku ile sebuleni," nikamjibu. "Yule alikuwa mtoto wako."



Wifi hajaniomba radhi. Tukikutana tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, basi. Watu wengine wa ukoo wanasema nina mdomo, na waseme. Gauni lile nalivaa kanisani na gulioni, na hongera zimepungua, ingawa hazijaisha. Juzi mume wangu alirudi na kitenge kipya cha bluu iliyokolea, chenye maua madogo madogo, akakiweka kitandani, akasimama pale akingoja nifurahi. Kilikuwa kizuri, amechagua kwa akili. Nikamwambia nataka kwanza lile neno ambalo hakulisema siku ile sebuleni. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akainamisha kichwa, na mimi nikakaa upande wa pili nikisubiri aanze.