Bustani Iliyofagiwa Kupita Kiasi

Jirani yangu Idalina alikuwa msafi wa kuudhi. Alifagia nyumba, akafagia baraza, kisha akaingia chini ya mikambusi, miti yake ya matunda, akafagia na huko. Tawi kavu halikumaliza siku mbili, liwe limening'inia juu au limeanguka chini. Matawi yote yalikwenda kwenye moto wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, na kila Juni lundo lake lilishinda malundo ya mtaa mzima. Mimi, Juvêncio, sikuwahi kupeleka hata ukuni mmoja. Uwanja wangu ulikuwa pori, na yeye hakuchoka kunisema.

"Siku nyoka akikuuma humo, usiniite."

"Nyoka gani, jirani? Tumeshazoeana."

Basi mikambusi yake ikagoma kuzaa. Maua tele, matunda hamna, miaka mitatu mfululizo. Mwanawe Célio, mfanyabiashara wa mbao, akamwambia waziwazi: mavuno ya Machi yakikosa tena, anakata miti yote na kupanda mikaratusi. Miti ile marehemu mumewe aliiotesha kwa mbegu, wakangoja miaka kumi ndipo wakaonja tunda. Idalina hakulia mbele ya mwanawe. Alilia nyuma ya nyumba, nikamsikia, nikakosa pa kuweka uso wangu.

Ila kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Miti minne iliyopakana na pori langu ilizaa mpaka matawi yakainama. Udongo ule ule, mvua ile ile. Kwa nini? Akamwaga samadi. Akaazima mzinga wa nyuki kwa padri, akauweka katikati ya bustani. Nyuki wakaja jua likishatoka, wakahangaika weee, na maua yakapukutika vilevile.

Oktoba, maua yalipoanza tena, akagundua kwamba hufunguka kungali giza. Saa kumi alfajiri akanigongea dirisha, blanketi begani, chupa ya kahawa mkononi.

"Amka, mvivu. Njoo tutazame."

"Tutazame nini saa hizi?"

"Ningejua, ningekuamsha wewe?"

Tukakaa chini ya mti mmoja wa mpakani. Harufu ya maua ilikuwa nzito, tamu, sijawahi kuisikia mchana. Kisha kitu kikanguruma ndani ya ua, kifupi tu, kikanyamaza. Idalina akamulika tochi aliyoifunga kitambaa chekundu, mwanga usiwe mkali. Nyuki! Macho makubwa, amelikumbatia ua na kulitikisa, amejaa chavua hadi miguuni. Akaja mwingine, na mwingine. Kulipopambazuka hakuwepo hata mmoja, na nyuki wa padri ndio kwanza wanaamka waje kuokota makombo.

"Wanalala wapi hawa?" aliuliza.

Swali hilo lilimkaa kichwani. Kila alfajiri aliwafuata kwa sikio, na kila mara walielekea kwangu. Siku ya nane akaingia porini mwangu kwa magoti, sketi imenasa miibani, nami nyuma yake nimeshika tochi. Tawi kavu lilikuwa limenaswa kwenye mimea inayotambaa. Lilikuwa na tundu dogo, na tunduni kichwa cha nyuki kimeziba mlango.

Idalina akarudi nyuma kwa magoti.

"Nimewachoma," akasema. "Kila Juni nawachoma, na watu wananipigia makofi."

Miaka ishirini nilingojea siku ya kumcheka mwanamke huyu. Ilipofika, sikuweza.

"Chukua matawi yangu, jirani. Nilikuwa nakutunzia."

"Mwongo mkubwa wewe!" akasema, akacheka, kamasi zinamtoka.

Tukahamisha nusu ya matawi yale, tukayafunga kwa kamba kwenye mikambusi ya safu ya pili kutoka mpakani, taratibu kama watu wanaobeba mayai. Bustani ikawa kichekesho. Wapita njia waliniuliza kama jirani yangu anaumwa.

Machi Célio akaja na msumeno. Mama yake hakumweleza kitu, alimpeleka tu kwenye safu ya pili, nami nikawafuata. Haikujaa, lakini kila mti ulikuwa na matunda. Safu za nyuma zilikuwa tupu kama kawaida. Célio alitembea huku na huku, akainua macho kwenye matawi makavu yaliyofungwa, akarudi mpakani, akahesabu kwa kidole miti inayozaa.

"Mama," akasema mwishowe, "matawi yamebaki mangapi kwa huyu mzee?"

Idalina akaketi pale pale chini, juu ya majani makavu ambayo hakuna aliyeyafagia, akalia mbele ya mwanawe.