Ng'ombe wangu alipimwa mishipa ya fahamu kwa umeme, kesho yake ilikuwa achinjwe

Wakuu, habari za saa hizi.

Kwanza mjue mimi si mtu wa kushtuka. Nimeanza na mkokoteni pale Mabawa, darasa la nne sikumaliza. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, nyumba mbili, na banda la ng'ombe wa maziwa Pongwe ambalo wenye digrii zao wanakuja kupiga nalo picha. Nimetapeliwa, nimeunguliwa na stoo, maji yameingia kwenye saruji yangu yote nikiwa nayatazama. Nilijua hapa duniani hakuna tena cha kunitoa macho.

Basi haya nimeyaona mwenyewe, na mama watoto alikuwepo. Atakayebisha aje Pongwe nimwonyeshe ng'ombe.

Nina ng'ombe anaitwa Johari. Mweusi na mabaka meupe, mwili kama kontena. Maziwa yake yanagombewa mjini, waulizeni wenye migahawa.

Siku hiyo asubuhi tulimlaza ili akatwe kwato. Banda langu chini ni zege, sio matope kama mabanda ya watu. Nililimwaga mwenyewe, mchanganyo wa nguvu, hata lori linapita.

Tukamfunga kamba, akalala ubavu wa kushoto.

Kwato mbili zimeisha, simu ikaita. Mteja anataka mabati ya nyumba nzima. Nyie mngeiacha?

Nikatoka nje kuongea bei. Mkata kwato nilimwambia asiguse kitu mpaka nirudi, maana ng'ombe wangu hahudumiwi bila mimi kusimamia. Naye mtu mtiifu, akakaa juu ya ndoo akanisubiri. Mteja mwenyewe mbishi. Mpaka tunaelewana, adhana ya adhuhuri imeshapigwa na Johari bado amelala palepale juu ya zege, kafungwa.

Tulipomfungua aliinuka na miguu mitatu.

Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu. Kiwiko kimeshuka, kwato inaburuzwa chini kama kandambili iliyokatika.

Tukachoma sindano, tukakanda kwa maji ya moto, wapi. Wiki ikapita, ya pili ikaanza kukatika, mguu ni uleule. Mchinjaji wetu, Bwana Salehe, alimtazama mara moja tu akasema, "Bega limekwenda hilo. Mchinje angali na nyama, ukingoja utauza ngozi."

Sasa hapa ndipo mdomo wangu ulipoingia.

Mama mkwe wangu, Allah amrehemu, alifariki kijijini kwao Mkwaja, na arobaini yake tulipanga kuisoma hapa kwangu, maana nyumba ni kubwa. Kwenye kikao cha familia watu wanachangishana: huyu mchele, yule mafuta. Shemeji yangu Hamza, kaka wa mke wangu, ni mwalimu wa sekondari. Huyu bwana tangu nimuoe dada yake ananiangalia kama kibarua. Alipoanza kusema nyama tuigawane kidogo kidogo, nikasimama.

"Nyama yote juu yangu. Nachinja ng'ombe wa maziwa."

Wazee wakanyanyua mikono kuniombea dua. Nikaona nimemaliza kazi.

Hamza akauliza taratibu, "Ng'ombe yupi, shemeji? Yule wa miguu mitatu?"

Watu wakacheka chinichini. Nikamjibu, "Kwenye pilau hakuna anayechechemea, mwalimu."

Nisiwafiche wakuu, nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Ng'ombe kwangu ameshakufa, bora afe na heshima yangu ipande. Mke wangu hakucheka. Yeye ndiye aliyemlea Johari tangu ndama.

Siku moja kabla ya arobaini, Bwana Salehe akaja alasiri na visu vyake ili apange kazi ya kesho. Na siku hiyohiyo jirani yangu alikuwa kaleta daktari wa mifugo kutoka mbali, kwa ajili ya mbwa wake aliyegongwa na pikipiki. Mke wangu akavuka ua akaenda kumwita.

"Wa nini tena?" nikamuuliza.

"Kuangalia hakuzuii kuchinja, Baba Shufaa."

Akaingia binti mdogo, kajitanda mtandio, begani begi kubwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, huyu kesho ni pilau."

Hakucheka. Akapapasa bega, akaukunja mguu, akaunyoosha. "Mfupa ni mzima. Naomba nimpime mishipa ya fahamu."

"Mishipa inapimwaje? Kwa futi kamba?" Bwana Salehe alicheka mpaka akakohoa.

Binti akafungua begi. Laptop, kisanduku, nyaya za rangi rangi, na sindano nyembamba kuliko zile za kushonea kofia. Akampa Johari dawa kidogo ya kumtuliza, akamnyoa manyoya sehemu tatu za mguu, akabandika nyaya. Kisha akashika kidude chenye ncha mbili za chuma, akasema, "Msimame mbali na mguu."

Nikasimama palepale. Huo mguu una siku ngapi haujasogea?

Akagusisha ncha chini kidogo ya bega.

Wakuu. Mguu uliokufa ukaruka!

Ulinyooka wenyewe, kwato ikapiga ndoo ikaenda kugonga ukuta. Johari mwenyewe kasinzia, hana habari. Bwana Salehe aliruka nyuma, "Audhubillahi!", kisu kikamtoka mkononi. Mimi nilijikuta nje ya banda na sikumbuki nilipita wapi.

"Ni umeme mdogo tu," akasema Dokta (hapo nikaacha kumwita mwanangu). "Naugonga mshipa, mshipa unauambia msuli, msuli unaitika. Hapa chini umeitika vizuri. Sasa tujaribu juu ya bega."

Akagusisha juu. Mguu ukacheza kidogo sana, kama mtu anayeota. Kwenye skrini, mara ya kwanza lilitokea wimbi refu kama mlima. Mara hii kichuguu.

Halafu akachukua sindano, akaichomeka kwenye msuli, akawasha spika. Ikalia "krrr" wakati inaingia, kisha kimya.

Tukasubiri. Kimya kabisa.

Mimi nikasema, "Inna lillahi. Basi tena."

Dokta akanigeukia, mara ya kwanza namwona anatabasamu. "Mzee, huo ukimya ndio nilikuwa nauomba. Msuli uliokatikiwa na mshipa wake haukai kimya hata ukipumzika. Unapiga kelele kama mvua juu ya bati."

Akahamisha sindano sehemu nyingine. Hapo tulisikia matone mawili matatu ya hiyo mvua. Akasema pameumia kidogo, lakini pengine pote ni kimya.

Nikamuuliza kwa lugha yangu ya dukani: "Yaani bomba halijakatika?"

"Halijakatika. Limebanwa hapa begani. Alilalia kitu kigumu muda mrefu?"

Mkata kwato hakuwepo, lakini mke wangu alikuwepo. Akalitazama zege, kisha akanitazama mimi. Nikaikumbuka ile simu ya mabati.

Dokta akasema hatuahidi, ila nafasi ni kubwa: alale kwenye mchanga mwingi, mguu ufungwe usiburuzwe, ageuzwe kila mara, wiki kadhaa.

Bwana Salehe akaokota kisu chake. "Sasa bosi, kesho nachinja au sichinji?"

Wageni wa Mkwaja walikuwa njiani. Nyama nimeshaitangaza. Nikamwangalia mke wangu, nikategemea aseme chinja yaishe, mama ni mama.

Akasema, "Johari humgusi. Na mama yangu hasomewi arobaini kwa wali mtupu. Wewe ndiye uliyesimama, Baba Shufaa, hukusimamishwa na mtu."

Nilitoka mbio kutafuta dume. Mtu anayetafuta dume jioni kwa ajili ya kesho asubuhi anajulikana tu usoni, na muuzaji alinisoma kama gazeti. Mimi, mfalme wa kushusha bei, sikushusha hata mia.

Watu walikula wakashiba, dua ikasomwa vizuri sana. Hamza alienda bandani akamkuta Johari kalala juu ya mchanga anacheua. Akarudi akakaa pembeni yangu.

"Kumbe kweli kwenye pilau hakuna anayechechemea, shemeji."

Tulicheka wote wawili, na sahani ya pili nilimpakulia mwenyewe.

Johari sasa anakanyaga miguu yote minne. Akikata kona anajikwaa kidogo, lakini anatembea na anakamuliwa.

Nilichojifunza: ng'ombe mzito usimlaze juu ya zege hata kama zege ni lako, na ukimlaza zima simu. La pili, msitangaze sadaka ya kitu mlichokwisha kukata tamaa nacho. Mwenye mfugo aliyewahi kupimwa hivi aseme alipona baada ya muda gani, na mabingwa wa mifugo nikosoeni nilipochapia.

Wanaotaka kujua gharama, kuanzia dume, usafiri wake, Dokta, mchanga na bandeji: shilingi milioni moja, laki tisa na elfu sitini na tano.