Flashi Tupu

Nilipoamua kuachana na kamera ya filamu, kila mtu alikuwa ameshaniambia nisifanye hivyo. Dada yangu alisema kamera za kuonyesha picha nyuma ni za watu wa mjini wasio na kazi. Fundi aliyenifundisha, mzee wa Biharamulo mwenye studio ya chumba kimoja, alisema picha isiyo na negativu ni sawa na ahadi ya mlevi. Mimi nikiambiwa usifanye, ujue nimeshaanza. Ni ugonjwa wangu wa tangu utotoni, na fimbo zote za mama hazikuuponya.

Tena filamu ndizo zilizoniacha kwanza. Tulikuwa tunapeleka mikanda Mwanza kwa basi, inasafishwa huko, picha zinarudi kwenye bahasha baada ya wiki mbili au tatu. Siku moja mwenye maabara akanipigia simu kwamba dawa hazipatikani tena na anafunga. Sikupoteza usiku nikijiuliza. Niliuza mtamba wangu, nikashuka Rusumo mpakani, nikanunua kamera ya dijitali iliyotumika kutoka kwa wakala mmoja wa forodha aliyekuwa amechoka kuibeba. Ilikuwa nyeusi na nzito, lenzi yake inafunguliwa na kufungwa kama zile nilizozizoea. Nilipoibonyeza, ikatoa ule mlio wa kioo kinachopanda na kushuka ndani, nikajua tutaelewana.

Hatukuelewana upesi. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa cha Kifaransa, lugha ambayo naijua kwa salamu tu. Basi nikachukua daftari, nikawa nabonyeza kitufe kimoja kimoja na kuandika kilichotokea. Nilipiga kuku, nikapiga migomba, nikapiga sufuria za dada yangu mpaka akaanza kuzificha. Wiki nzima picha zilitoka nyeupe kama unga wa muhogo. Palikuwa na alama ya kijani ambayo ukiiweka kamera inajifanyia kila kitu. Niliapa sitaigusa. Sikukaa studio miaka minne nikinusa dawa ili chombo kije kunifikiria.

Harusi ya kwanza niliyokwenda nayo ilikuwa Kanazi, kwenye familia iliyonijua tangu nilipoanza kazi. Kadi ya kuhifadhi picha iliyokuwemo ilibeba picha mia kadhaa, lakini mkono wangu ulikuwa bado unahesabu. Nilipofika ya thelathini na sita, mwisho wa mkanda wa zamani, nilizunguka nyuma ya jiko, nikasimama kivulini kubadili filamu, nikawa napapasa mgongo wa kamera kutafuta mahali pa kufungua. Nilicheka peke yangu, wapishi wakaniangalia. Nikarudi kazini nikijigombeza.

Kosa la pili halikunichekesha. Ili ulielewe, inabidi niseme siri ya sisi tuliofanya kazi na filamu vijijini. Mkanda una picha thelathini na sita, na sherehe ina watu mia mbili. Wote wanataka kupigwa, wenye kuagiza na wasioagiza, na ukimnyima mtu picha mbele za watu umemvunjia heshima. Kwa hiyo tulikuwa na flashi tupu. Nyuma ya taa ya flashi kuna kitufe kidogo cha kuijaribu. Unawapanga watu vizuri, unawaambia wanyooshe shingo, unakibonyeza, taa inawaka, wanaondoka na furaha yao, na filamu haikuguswa. Fundi wangu alinifundisha hivyo siku ya pili tu ya kazi. Alisema filamu ni chakula, flashi ni salamu. Mtu akija baadaye kuulizia picha yake, tunamwambia iliungua. Kila mtu alijua filamu huungua, basi anasikitika kidogo na kwenda zake.

Siku ile Kanazi wakaja wajomba wa bwana harusi, saba, wakajipanga. Mkono wangu haukuniuliza. Ukaenda wenyewe kwenye kile kitufe kidogo cha flashi yangu ya zamani, niliyoipachika juu ya kamera mpya, taa ikawaka. Zamani wangetawanyika. Safari hii walikuwa wameshasikia habari za kamera yangu, wakanizunguka wote saba.

"Tuonyeshe!"

Nikabonyeza, kioo kikaonyesha sinia la ndizi nililopiga kabla yao. Mjomba mmoja akauliza kama ndizi ndiyo yeye. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao huku jasho likinishuka mgongoni. Nikasema imekataa, simameni tena. Nikawapiga kweli, wakajiona, wakapigana vikumbo kwa furaha. Tangu dakika ile nilijua kwamba flashi tupu imekufa na siwezi kuifufua hata nikitaka.

Aliyekuwa akitutazama kwa makini zaidi ni mzee mmoja mkulima, jirani wa nyumba ile, aliyefiwa na mke wake mwaka mmoja kabla. Alingoja wajomba wamalize, akaja taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo kamela inaonyesha hapo hapo?"

"Inaonyesha."

"Basi mtafute mukecuru wangu humo. Urimpiga siku ya kipaimara cha mtoto wetu. Picha haikutufikia. Sina picha yake hata moja, hata ya kitambulisho."

Mukecuru ndivyo alivyomwita mke wake, yaani bibi kizee wake, japo hakuzeeka sana. Mzee aliona kamera inayotoa picha papo hapo, akaamini kwamba kila nilichowahi kupiga nyumbani kwake kimo ndani. Nisingeweza kumcheka. Nilimkumbuka mkewe vizuri mno.

Siku ya kipaimara kile, familia iliagiza picha moja, ya mtoto na msimamizi wake. Mama yule alikuwa amepika tangu alfajiri. Nilipokuwa nafunga begi akaniomba nisubiri, akaingia ndani, akatoka amevaa gauni la kanisani na viatu ambavyo nadhani aliviazima, maana vilimbana na alisimama upande upande. Akasimama kwenye mibuni. Nilikuwa nimebakiza picha mbili, na juu ya mlima kulikuwa na familia nyingine inayonisubiri. Nikamwambia anyooshe shingo, nikampa flashi tupu. Akanishukuru, akanifungia parachichi tatu kwenye mfuko. Nilizila njiani, tena kwa raha.

Sasa mzee amesimama mbele yangu akingoja nibonyeze kitufe mke wake atokee. Nikasema, "Nipe muda mzee, nitamtafuta." Niliona aibu kwa jibu langu hata kabla sijalimaliza. Lakini nilikuwa nimesema nitamtafuta, na nikaamua kwamba hilo angalau halitakuwa uongo.

Mama yule alikuwa mpishi anayeaminiwa. Hapakuwa na harusi wala komunyo upande ule ambayo hakusimamia vyungu. Nikawaza kwamba mwanamke wa namna hiyo hawezi kupita miaka yote mbele ya lenzi yangu asinaswe hata kwa bahati mbaya, nyuma ya mtu mwingine. Negativu zangu zote nilikuwa nazo, kwenye makopo mawili ya biskuti na boksi la viatu. Nikazimwaga mezani. Zingine zilikuwa zimegandana kwa unyevu, zingine zimeota ukungu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani nilikaa dirishani nikiziinua moja moja kwenye mwanga. Kwenye negativu uso wa mtu huwa mweusi na nywele nyeupe, kwa hiyo sikumtafuta kwa sura. Nilimtafuta kwa kimo, kwa namna alivyofunga kilemba, kwa mkono ulioshika mwiko.

Dada yangu akauliza nitaacha lini. Nikamwambia nikimaliza. Akasema je, usipompata? Nikachukua mkanda mwingine kwa hasira. Hasira yenyewe haikuwa yake. Kila niliponyanyua mkanda, niliwaona wale niliowapiga, na katikati yao, mahali ambapo hapana kitu, nilianza kuwakumbuka wale ambao sikuwapiga. Walikuwa wengi. Sikuwahi kuwafikiria kama wengi.

Nilimpata wiki ya tatu. Ilikuwa harusi ya zamani, maharusi wanakata keki, na nyuma yao mwanamke ameshika sinia, kichwa kimegeukia upande, anamcheka mtu asiyeonekana. Nilibandika karatasi nyeupe kwenye kioo cha dirisha, nikaibana negativu hapo, nikaipiga kwa kamera mpya mara nyingi sana, mpaka nikapata moja isiyotikisika. Mama mwenye duka la kuchapa pale Ngara mjini akaniwekea kwenye kompyuta, akageuza rangi, weusi ukawa weupe, na uso ukaja. Haukuwa mkali, kwa sababu lenzi ilikuwa imewatazama maharusi. Lakini alikuwa yeye, na meno yake yote. Tuliwakata maharusi, tukamwacha peke yake, tukamchapa kwa ukubwa wa daftari.

Nikapanda bodaboda mpaka kwa mzee. Njiani shetani alifanya kazi yake vizuri. Aliniambia mpe tu, atafurahi, kwa nini umuumize mtu aliyefiwa. Nilishuka nikiwa nimeshaamua kusema, halafu nikafika mlangoni nikiwa sijui tena.

Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Akaipokea picha kwa mikono miwili, akatoka nayo uani kwenye jua. Akaiangalia muda mrefu sana, akaipangusa kwa kiganja ijapokuwa haikuwa na vumbi.

"Ni yeye," akasema. "Asante sana, mwanangu." Kisha akasema, "Lakini hii si ile ya kipaimara. Kwenye ile arivaa gauni."

"Si ile, mzee."

"Ile iriungua?"

Lile neno letu la siku zote, na sasa ananiletea mwenyewe, niliitikie tu. Nikasema, "Haikuungua. Sikumpiga. Niliwasha taa tu, filamu ilikuwa imebaki kidogo nikaitunzia wengine. Nilimdanganya yeye, nikakudanganya na wewe. Nisamehe baba."

Hakunitukana. Ningetamani anitukane. Alikaa chini kwenye kizingiti, picha iko magotini.

"Uriwasha taa tu," akasema.

"Ndiyo."

"Mukecuru ariniambia. Jioni ile ile, anavua viatu, akasema yule binti hakunipiga, sikusikia mlio wa kamela. Nikamgombeza. Nikamwambia yule ni mtoto wa kanisani, tunamwona kila Jumapili, aache kusingizia watoto wa watu. Ukipita hapa barabarani na begi lako, anasema tena, hakunipiga. Na mimi namgombeza tena. Mara ya mwisho niriudhika, nikamwambia ana roho mbaya." Akaiweka sawa picha magotini. "Hakurudia. Akaugua, akafa. Neno la mwisho juu ya jambo hilo ni hilo langu."

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, lakini pale nililia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kosa langu tu. Sikujua kwamba lilikuwa limelala nyumbani mwa watu miaka yote ile, likila chakula chao, likiwagombanisha, na kwamba mtu aliyeonekana mbaya ndiye aliyesema kweli.

Mzee akasimama kwa kushika mwimo wa mlango. Akanionyesha kwa kidevu upande wa migomba, ambako kaburi lilionekana, limepaliwa vizuri.

"Yupo pare," akasema. "Tumwambie. Utaanza wewe, mimi nitafuata."

Nikafuta uso kwa khanga. Tukaenda, yeye na picha yake mkononi, na nilianza mimi.