Amplifaya ya Kwaya ya Usinge

Mteja mgeni akifika barazani kwetu, hapa Tabora mjini, humsalimia mke wangu kwa adabu, kisha hunigeukia mimi na kuniuliza fundi yuko wapi. Mimi nimeketi nyuma ya cherehani, tepu shingoni, suruali ya mtu mapajani. Yeye ameketi mbele ya redio iliyofumuliwa, pasi ya kuyeyushia risasi ya kulehemu mkononi, moshi unampanda usoni. Bado naulizwa mimi! Zamani nilikuwa nafoka. Siku hizi nawajibu tu, "Umeshamsalimia," naendelea kushona.

Anaitwa Najiat binti Sabiri. Mimi ni Adinani, mumewe, na sitajifanya kwamba namsimulia bila upendeleo. Namwonea fahari mke wangu, na anayekereka na akereke.

Ukoo wake ni wa mafundi tangu enzi za misafara. Babu wa babu yake alitengeneza magobori ya watu waliokuwa wakipita hapa kwenda Ujiji na kurudi pwani. Aliyefuata akatengeneza saa na taa za karabai. Baba yake, mzee Sabiri, alitengeneza redio. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, na Najiat hakumpa nafasi ya kusikitika: akitoka shule anakwenda mezani kwa baba, akilala ananuka risasi. Kabla ya kufariki, mzee alichora kibao kwa mkono wake, SABIRI NA BINTI, akakipigilia juu ya mlango. Alipozikwa, walikuwapo waliokuja kuhani wakamshauri Najiat akishushe, eti mwanamke peke yake atawaunguzia watu vitu vyao. Hakubishana nao. Alikishusha kweli, akakipaka rangi upya, akakirudisha palepale. Mpaka leo hana mali anayoithamini kuliko kibao hicho, na mwaka jana nusura neno BINTI lifutike juu yake.

Kwaya ya Moravian ya Usinge walikuja kwanza kwangu, kushonewa sare. Mwalimu wao, Gerson, mtu mzima mwenye sauti nzito, alikuwa akipimwa mabega alipomwona Najiat akiifufua televisheni ya mtu. Safari iliyofuata akaja na amplifaya ya kanisa iliyokuwa imekufa. Wenzake walitaka ipelekwe kwa fundi mwanamume, lakini Gerson alishikilia msimamo wake. Najiat aliitengeneza, tukaijaribu hapa barazani mpaka muuza vitumbua akalalamika, wakaondoka nayo wakicheka.

Baada ya mavuno ikarudi, na safari hii hakucheka mtu. Gerson alikuja na Recheli, kiongozi wa akina mama wa kwaya, na Festo, kijana mrina asali ambaye ndiye mpiga kinanda wao. Festo alituamkia, "Shikamooni," kwa sauti ya chini, akasimama pembeni. Recheli hakuwa na haja ya utangulizi.

"Imeungua mazoezini," alisema, na barazani walikuwapo wateja watatu wakisikiliza. "Jumapili ijayo tunapokea kwaya za Urambo na Kaliua nzima. Mimi nilisema tangu mwanzo. Kama hii ndiyo kazi ya binti, basi kibao kile kibaki na jina la baba peke yake."

Nilisimama. Nilikuwa nimeshika mkasi, na mkasi wa fundi cherehani si kitu cha kusimama nacho mtu akiwa na hasira.

"Baba Hafsa," Najiat aliniita bila kunyanyua kichwa. "Kaa."

Nikakaa. Alifungua skrubu za amplifaya, akaondoa mfuniko, akainama akanusa. Kisha akakwangua kwa ukucha chini ya transista moja kubwa, akanusa tena ukucha wake. Nami nilipokea harufu ile mahali nilipokaa. Ni harufu ambayo mtu wa Tabora haikosei hata akiwa na mafua: nta ya nyuki. Najiat aliwatazama wote kwa zamu, wala macho yake hayakukaa kwa mtu. Mimi nilimwona Festo akivitazama viatu vyake.

"Sogeeni," alisema mke wangu. "Msije mkasema nimeficha kitu."

Wakasogea, na wale wateja watatu nao wakasogea.

"Hii ndiyo transista. Ina miguu mitatu. Ndani yake kuna kipande cha silikoni, kitu kinachotolewa mchangani, kidogo kama punje ya mtama. Shaba hupitisha umeme tu, mti mkavu huuzuia tu. Silikoni iko katikati, na wakiitia chembe za vitu vingine inakubali kuamrishwa. Umeme mwingi wa ukutani unataka kupita kutoka mguu huu kwenda huu. Haupiti mpaka mguu wa tatu uruhusu. Ni kama koki ya bomba: kidole kimoja kinazungusha, tangi zima linatii. Sauti ya mwalimu Gerson kwenye maikrofoni ni kile kidole."

"Kwa hiyo inakuza sauti yangu," alisema Gerson.

"Hapana, mwalimu. Sauti yako inafungua na kufunga koki tu. Kinachotoka kwenye spika ni umeme wa ukutani, umefuata mwendo wa sauti yako. Wewe unaufundisha umeme kuimba kama unavyowafundisha hawa."

Gerson alitabasamu kwa mara ya kwanza. Recheli hakutabasamu, ila alikuwa amesogea kuliko wote.

"Sasa, koki iliyofunguka nusu inahangaika na umeme, na inapata joto. Ikipata joto inalegea, umeme unazidi kupita, joto nalo linazidi, mpaka inakufa. Ndiyo maana imebanwa kwenye hii alumini yenye mapezi, ipoe. Lakini mgongo wa transista ni chuma chenye umeme. Ukigusana na alumini, kwisha. Kwa hiyo katikati tunaweka kipande cha ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi, chembamba, unaona mpaka upande wa pili. Ulanga unaachia joto lipite na kuzuia umeme. Halafu tunapaka dawa nyeupe kuziba matundu. Mimi niliweka ulanga. Sasa haupo. Ipo nta."

Nikaelewa hata mimi fundi wa suruali. Mtu alifungua amplifaya kuifuta vumbi, akakuta dawa nyeupe imekauka, akadhani ni nta iliyozeeka. Akaubandua ulanga akidhani ni karatasi ya dukani iliyosahaulika, akapaka nta mpya ya mzinga wake, nene na safi. Ikiwa baridi, nta iliishika transista mbali na alumini na kila kitu kikaimba. Kwaya ilipokolea, nta ikayeyuka ikatiririka, chuma kikagusa chuma.

"Nani aliweka?" Recheli aliuliza kwa ukali.

"Aliyetaka kusaidia," alijibu Najiat. Akavuta droo, akatoa bonge la nta yake mwenyewe. "Marehemu baba alikuwa akishikiza koili za redio kwa hii. Fundi gani wa Tabora hana nta mezani? Hili ni kosa la mtu wa kwetu. Wa Dar angeitoa wapi?"

Wateja wakacheka. Recheli hakushawishika. Alisema maneno ni maneno, na kwamba Jumapili watajua nani ni nani.

Walipoondoka nilimwaga hasira zangu zote. Kwa nini hakumtaja Festo? Jina lake yeye Najiat linachafuliwa mbele ya watu, na yeye anamfunika kijana wa watu blanketi!

"Ushahidi wangu ni nini, viatu alivyokuwa akivitazama?" alisema Najiat. "Na nikimtaja, kule kwao Usinge hatashika kinanda tena. Acha amplifaya inisemee."

Ili imsemee ilihitaji transista mpya, na hapo ndipo alipokwama. Alizinunua dukani, akazipima, akazikataa. Moja aliivunja kwa koleo akanionyesha: kifuniko kikubwa, na ndani silikoni ndogo isiyolingana na kifuniko hicho. Feki. Zingeimba wimbo mmoja.

Aliingia chumbani akatoka na amplifaya ya mzee Sabiri. Ile mzee aliyoiunda kwa mikono yake, ambayo Najiat huifuta kila Ijumaa na hajawahi kumwazima mtu. Aliiweka mezani, akaiwasha, akasikiliza taarabu hadi ikaisha. Akaizima. Akazitoa transista zake halisi huku machozi yakimtoka, na mimi nikajifanya natafuta uzi. Akakata ulanga mpya, akapaka dawa, akakaza skrubu, akapima kama mgongo haugusi alumini. Akapima tena.

Jumapili tulikuwa Usinge, chini ya maturubai kwenye uwanja wa kanisa, jua limewaka kwelikweli. Tulitengewa viti vya wageni. Najiat hakukaa. Alivuta kigoda karibu na amplifaya, akaweka kiganja juu ya yale mapezi ya alumini, na akabaki hivyo kwaya baada ya kwaya. Urambo waliimba, Kaliua wakaimba, wenyeji wakaimba wakiwa na sare zangu. Sauti ilifika hadi stesheni ya reli. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu usoni tu, maana uso wake ungejua kabla ya spika.

Uso ule haukubadilika. Wimbo wa mwisho ulipoisha, Festo aliinuka kwenye kinanda akamwomba Gerson maikrofoni.

"Bwana asifiwe," alisema, na sauti yake ikajaa uwanja mzima. "Nta niliweka mimi. Ulanga niliutupa mimi. Fundi alinijua siku ileile, akaninyamazia. Mnaponisikia hivi sasa, mnaisikia kazi yake."

Sioni haya kusema kwamba nililia. Nilikwenda nikachutama kando ya kigoda. "Umesikia?" nilimwuliza.

Najiat alichukua mkono wangu akauweka juu ya alumini, pale kilipokuwa kiganja chake. "Vuguvugu," alisema, akacheka kama binti wa shule.

Watu walianza kutuzunguka. Mzee mmoja wa Urambo alinipa mkono mimi, akanipongeza kwa ufundi. Nikafungua mdomo kumjibu, lakini Recheli alitupita sote wawili kana kwamba tulikuwa nguzo za turubai, akaenda moja kwa moja kwenye kigoda.

"Fundi," alimwita Najiat, "ninayo redio nyumbani, inakoroma. Nikuletee lini?"