Kinyozi wa Mawakili

Kinyozi wa jirani na mahakama ana vidole virefu na sauti ya taratibu, na swali lake halimtoki mpaka wembe umfike mteja kooni, maana anaamini hapo hata wakili husema kweli. "Ulisomea wapi sheria, mheshimiwa? Nina binti anataka kuwa kama wewe. Ada yao inabebeka? Walimu wanaingia darasani, au ni jengo zuri tu?" Mwenzake wa kiti cha pili amelisikia swali hilo miaka nenda miaka rudi, hadi amelikariri. Leo wakili mmoja kijana alijibu bila kusita: kipo chuo kidogo, ada nafuu, walimu wakali, na wanaomaliza pale hawababaiki kwenye mtihani wa uwakili. "Mlete binti, mzee wangu. Nitampeleka mwenyewe." Kinyozi akatabasamu, akamfuta povu sikioni polepole. "Na hosteli zao, mwanangu? Mtoto wa kike atakuwa salama?" Mwenzake, aliyeshika upande mmoja wa jeneza la binti huyo mwanzoni mwa mwaka, akaongeza sauti ya redio ili asilisikie jibu.