Mgonjwa Ametoka, Pakine Yuko Ndani

Nakumbuka siku moja nikiwa msichana wa kuchunga ndama huko Kajiado, nilimwita jirani yetu "yule wa mguu." Nyanya yangu, Koko Nashipai, akanivuta sikio. "Mguu ndio ulivunjika, si jina. Anaitwa Parsaloi. Punda milia hata akikonda, milia haimtoki." Nilicheka, maana sikio la mtoto husikia leo likaelewa uzeeni.

Mwanangu, mimi sikusoma sana, lakini majina ya watu hayanipotei. Na jina moja ndilo nataka kukuambia.

Nilipoanza kuuza maziwa sokoni Kitengela, niliketi karibu na Wambui wa viazi, Mkikuyu mwenye mdomo, na moyo mkubwa kuliko huo mdomo. Alipomzaa binti yake Njeri, nilimpelekea mbuzi jike mwenye doa jeupe kwa paji la uso. Kwetu Wamaasai, ukimpa rafiki mbuzi kwa kupenda, majina yenu mnayaweka kando. Yeye anakuita Pakine, na wewe unamwita Pakine. Soko lote likatujua hivyo.

"Pakine, maziwa yako leo ni ya mtoni!"

"Na viazi vyako, Pakine, si ni mawe ya kujenga?"

Tukazeeka tukitaniana hivyo.

Halafu kansa ikamshika titi. Kutoka hapo, mwanangu, watu wakaacha kutaja jina lake. Ikawa ni "mgonjwa ameamkaje," "mgonjwa amekula," kwa sauti ya chini kama wako matangani. Na mimi pia nikaambukizwa. Nilifika kwake nikamuuliza Njeri pale mlangoni, "Mgonjwa yuko aje?"

Sauti ikatoka chumbani: "Mgonjwa ametoka! Kama unatafuta Pakine, ingia, lakini hiyo sura ya mazishi uiache nje na viatu!"

Nikakumbuka sikio langu. Nikaingia, nikamwambia, "Pakine, umekonda kama mbuzi wa kiangazi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo sasa ndiyo salamu. Dawa imechukua nywele, madaktari wamechukua titi. Jina nimebaki nalo. Msininyang'anye."

Hatukumnyang'anya. Nilimletea maziwa kila asubuhi, naye akayaita maji kila asubuhi. Mwishoni sauti ilikwisha. Nikimwita Pakine, ananifinya kidole. Akaenda akiwa Wambui, si mgonjwa.

Nililia, sitakudanganya. Na katika kulia nikawaza, nani sasa ataniita lile jina?

Mvua iliponyesha, Njeri akaja amekumbatia kitoto cha mbuzi chenye doa jeupe kwa paji la uso. "Mama aliniagiza nikuletee. Ni wa ukoo wa yule wako." Akasimama kwa geti, aibu imemshika kidogo, kisha akasema, "Sasa Pakine, utafungua ama nirudi naye?"

Mdomo wa mama yake kabisa! Nilifungua nikicheka, na mpaka leo tunaitana hivyo.

Basi mwanangu, rafiki akiugua, mpikie uji, msindikize hospitali, mwombee. Lakini umwite vile mlikuwa mkiitana mkicheka. Jina jema hung'aa gizani, wahenga walisema. Mimi naongeza, lazima awepo wa kulitaja.

Enkai, Mungu wetu, akupe marafiki wa kukutania mpaka meno yaishe, na siku ukilala kitandani, asikose mtu wa kukuita kwa jina lako mlangoni. Nawe uitikie kama tunavyoitikia baraka huku kwetu: Naai.